Jani la elektroskopu halishuki: kutatua jaribio la nuru kung'oa elektroni, kutoka bamba la zinki hadi ayoni hasi karibu na uso

Mwaka 1887 Heinrich Hertz aliona kwamba cheche ya umeme huruka kwa urahisi zaidi metali inapomulikwa na miale ya urujuanimno. Mwaka uliofuata Wilhelm Hallwachs akalipunguza jambo hilo hadi likawa jaribio dogo ambalo shule yoyote inaweza kulifanya: bamba la zinki lililosuguliwa, juu ya elektroskopu (kifaa ambacho jani lake jembamba la metali husimama kikiwa na chaji), lipewe chaji hasi, limulikwe. Jani lililosimama linaanguka.

Katika shule nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe jani hilo halianguki. Mwalimu anajaribu, anajaribu tena, kipindi kinaisha, na wanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) wanaishia kunakili mchoro kutoka ubaoni. Hilo linaniuma, kwa sababu vifaa huwa vipo na tatizo huwa ni moja kati ya machache yanayojulikana. Nimeandika mwongozo huu kwa walimu, mafundi wa maabara na wanafunzi. Sehemu ya mwisho inawahusu walio chuoni, wanaopiga hesabu za ayoni hasi (atomu au molekuli yenye elektroni ya ziada) karibu na ukuta kwa kompyuta.

Kabla ya kugusa chochote, weka maswali matatu kichwani. Je, fotoni moja, yaani punje moja ya nuru, ina nguvu ya kutosha? Je, uso unaomulikwa ni metali kweli, au ni uchafu uliokaa juu ya metali? Na elektroni ikishatoka, inakwenda wapi? Kila dalili iliyopo hapa chini inarudi kwenye mojawapo ya maswali hayo. Watu hukwama kwa sababu wanalijua la kwanza tu, na hata hilo huwa wanalijua nusu.

Jani linashuka lenyewe, taa haijawashwa

Anza hapa hata kama unadhani tatizo lako ni jingine. Chaji elektroskopu, iache dakika mbili mbali na taa na dirisha, uitazame. Ikiwa jani linashuka, chaji inavuja, na hakuna matokeo yoyote ya nuru utakayoweza kuyaamini.

Sababu ya kwanza huku kwetu ni unyevu. Tukuyu mvua hainyeshi kwa ratiba ya mtu, Mufindi na Makete ukungu huingia mpaka madirishani, na kuanzia Desemba hadi Aprili hata Iringa mjini hewa hubeba maji ya kutosha kuweka utando mwembamba juu ya kizibo kinachoshikilia fimbo ya elektroskopu. Utando huo ndio njia ya chaji kwenda ardhini. Pangusa kizibo kwa pamba yenye spiriti, usikishike tena kwa vidole, kisha kikaushe kwa draya ya nywele au kiweke juani nusu saa. Fimbo ya kuchajia nayo ikaushe vivyo hivyo. Ukiweza kuchagua, panga jaribio hili Juni hadi Agosti. Kile kipupwe kinachotufanya tuvae makoti ni kikavu, na bomba la PVC ukilisugua kwa sweta la sufu wakati huo linapata chaji nyingi kuliko utakavyoipata mwezi Februari.

Sababu ya pili husahaulika: moto. Mwali wa mshumaa, kiberiti au bansen hutengeneza ayoni hewani, chanya na hasi, nazo huiua chaji ya elektroskopu iwe ya aina yoyote. Siku za baridi kali watu huingiza jiko darasani. Litoe nje, kwa ajili ya jaribio na zaidi kwa ajili ya mapafu ya watoto, maana mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu.

Sababu ya tatu ni ncha kali. Bamba lililokatwa kwa mkasi wa bati likabaki na meno pembeni huvujisha chaji kupitia meno hayo. Piga tupa kingo zake.

Jani linatulia vizuri, taa inawaka, hakuna kinachotokea

Hapa ndipo wengi walipo. Pita kwenye sababu hizi kwa mpangilio, maana mbili za kwanza huchukua dakika moja kuzikagua na ndizo zenye makosa mengi.

*Chaji ni chanya badala ya hasi.* Bomba la PVC au fimbo ya politini iliyosuguliwa kwa sufu ina chaji hasi. Ukigusisha fimbo hiyo kwenye bamba na kuiburuza, bamba linakuwa hasi, na ndivyo tunavyotaka. Lakini walimu wengi tumezoea kuchaji kwa kusogeza fimbo, kugusa bamba kwa kidole, kuondoa kidole, kisha kuondoa fimbo. Njia hiyo huliachia bamba chaji iliyo kinyume na ya fimbo: fimbo hasi, bamba chanya. Jani linasimama vilevile na jicho haliwezi kutofautisha. Ili kuhakiki, sogeza tena fimbo ya PVC karibu bila kugusa. Jani likipanda zaidi, bamba ni hasi. Likishuka, ni chanya, na taa haitaliangusha hata ukimulika hadi jioni, kwa kuwa elektroni inayochomoka inavutwa na chaji chanya na kurudi palepale ilipotoka.

*Taa siyo.* Hili ndilo swali la nguvu ya fotoni. Kung'oa elektroni kutoka zinki safi kunahitaji takriban elektronivolti 4.3 (elektronivolti ni kizio cha nishati ya chembe ndogo). Gawanya 1240 kwa namba hiyo, upate urefu wa wimbi kwa nanomita: kama 288. Nuru yenye wimbi refu kuliko hapo haing'oi kitu kwenye zinki, iwe nyingi kiasi gani. Konda wa daladala ya Mwanjelwa kwenda Tukuyu hampakii mtu mwenye nusu nauli, na wakija kumi wenye nusu nusu hawapakii wote kumi, kwa sababu kila abiria hulipa ya kwake. Fotoni nazo haziungani kulipia elektroni moja, walau kwa taa za maabara. Hilo ndilo Albert Einstein alilolieleza mwaka 1905, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 alipewa hasa kwa ajili ya hilo.

Sasa tazama taa zinazopatikana mjini. Taa ya kukagulia noti na ile ya kunasia wadudu hutoa karibu nanomita 365, yaani elektronivolti 3.4: haitoshi. Taa ndogo za LED za zambarau ni nanomita 395, hafifu zaidi. Leza nyekundu ya kuelekezea ubaoni ni nanomita 650, elektronivolti 1.9, haifiki hata nusu ya kinachotakiwa. Inayofaa ni taa ya zebaki ya kuulia vijidudu, aina inayotumika kwenye mitambo ya kusafisha maji, inayotoa nanomita 254, sawa na elektronivolti 4.9. Mwanga wake wa samawati unaoonekana ni hafifu na huwafanya watu waidharau, lakini kazi inafanywa na mionzi isiyoonekana.

Kwa hiyo iheshimu. Nanomita 254 huunguza ngozi na macho bila kuleta joto lolote la kukuonya. Macho huanza kuuma saa kadhaa baadaye. Ifunike kwa boksi lenye tundu upande mmoja, elekeza tundu kwenye bamba, na wanafunzi wakae nyuma ya boksi. Usijaribu kamwe kuvunja kioo cha nje cha taa kubwa za zebaki za barabarani ili kuipata mionzi hiyo.

*Kioo kiko njiani.* Kioo cha kawaida humeza karibu mionzi yote iliyo chini ya nanomita 300, na plastiki ngumu ya perspeksi ni vivyo hivyo. Elektroskopu nyingine zina bamba ndani ya sanduku lenye kioo, na nimeona taa zikiwa zimewekewa kioo cha kukinga vumbi. Viondoe. Kisha kitumie kioo hichohicho kama kipimo: jani likianza kushuka, kiingize kati ya taa na bamba. Jani likiacha kushuka, umethibitisha mbele ya darasa kwamba kinachong'oa elektroni ni urujuanimno na si joto la taa wala upepo. Hertz mwenyewe alitofautisha hivyo: kioo kilizuia, kwatzi ilipitisha. Kwangu mimi hiki ndicho kilele cha jaribio lote, kuliko hata jani kuanguka.

*Uso ni mchafu.* Zinki ikikaa hewani hujivika oksidi, na kila mtu aliyelishika bamba ameliachia mafuta ya vidole. Piga msasa laini mpaka rangi ya kijivu iondoke na ung'avu utokee, pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, tumia hapohapo. Msasa wa jana hausaidii. Kama shule haina bamba la zinki, pasua kopo la betri kuukuu za tochi za aina ya kawaida, zile za zinki na kaboni, si za alkali wala za kuchajiwa: kopo lenyewe ni zinki. Vaa glavu, osha uji mweusi wote, linyooshe, lisugue. Kipande cha bati la kuezekea lililopakwa zinki kinaweza kufaa pia, mradi usisugue mpaka ukafika kwenye chuma.

*Taa iko mbali.* Sentimita 5 hadi 10 zinatosha. Nusu mita ni nyingi.

Tumetumia jua la Mbeya, halijafanya kazi

Wazo hili huja kwa kila mtu anayeishi huku juu, nalo si la kubeza. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na urujuanimno wa jua huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ngozi zetu zinalijua hilo mchana wa Agosti. Lakini kinachoongezeka ni ile mionzi iliyokwisha kupenya. Mionzi iliyo chini ya nanomita 290 hivi humezwa na ozoni, ambayo sehemu yake kubwa iko kilomita 15 hadi 35 juu. Ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, hata hadi kilele cha Rungwe, ozoni bado iko juu yako karibu yote. Zinki inahitaji nanomita 288, na jua linaishia karibu na 290. Limekosa padogo, lakini limekosa.

Badilisha metali. Magnesiamu inahitaji takriban elektronivolti 3.66, yaani wimbi la nanomita kama 339 kushuka chini, na jua la saa sita mchana lina mionzi ya kutosha kati ya 300 na 339. Utepe wa magnesiamu uko kwenye kabati la kemia karibu kila shule. Chukua vipande kadhaa, visugue kwa msasa mpaka viwe vyeupe vya kumetameta, vipange bapa juu ya bamba, chaji hasi, peleka nje. Si dirishani, maana kioo kitakunyang'anya sehemu kubwa ya mionzi uliyoifuata. Fanya haraka, maana magnesiamu huchafuka upesi. Linganisha na elektroskopu ya pili iliyochajiwa vilevile na kuwekwa kivulini palepale nje, ili asije mtu akasema ni upepo.

Napenda njia hii kuliko ya taa. Haina hatari ya nanomita 254 na haina bili ya umeme. Tena Julius Elster na Hans Geitel, waliochunguza metali zinazoitikia mwanga wa jua na hata nuru ya kuonekana mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa walimu wa sekondari katika mji mdogo wa Wolfenbüttel, Ujerumani.

Jani linashuka kwa chaji hasi na kwa chaji chanya pia

Kama kushuka kunaendelea hata kioo kikiwa njiani, ni uvujaji au ayoni za moto. Rudi kwenye dalili ya kwanza. Kama kioo kinakuzuia kushuka, basi nuru inahusika, ila inang'oa elektroni mahali pasipo pake: kwenye waya, klipu au ukingo wa sanduku ulio karibu. Elektroni hizo huvutwa na bamba chanya na kuipunguza chaji yake. Ziba vitu hivyo kwa karatasi nyeusi, acha bamba peke yake limulikwe.

Jani linashuka kwa kasi, kisha linakwama katikati

Dalili hii hupuuzwa, nami naiona kuwa ndiyo yenye utamu, kwa sababu hapa ndipo swali la tatu linapoingia. Elektroni ikichomoka kwenye zinki haisafiri peupe. Ndani ya hewa hugonga molekuli kabla ya kwenda hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Nyingine hurudishwa kwenye bamba. Zinazofanikiwa kuondoka hunaswa na oksijeni upesi, na molekuli ya oksijeni yenye elektroni ya ziada ni ayoni hasi, nzito na ya mwendo wa pole. Mbele ya bamba hujengeka wingu la ayoni hizo. Bamba likiwa na volti nyingi linazisukuma mbali. Volti zikipungua msukumo nao unalegea, wingu linakaa karibu, na elektroni mpya zinarudishwa nyumbani. Jani linakwama.

Dawa yake ni wavu wa chuma wenye matundu makubwa, uunganishwe na ardhi kwa waya, usimame sentimita moja au mbili mbele ya bamba. Wavu huimarisha msukumo karibu na uso, na ayoni huzolewa. Uweke kwanza, ndipo uchaji, kwa sababu kuusogeza wavu karibu na bamba lililokwisha kuchajiwa hulishusha jani kidogo hata bila nuru, na mwanafunzi makini atakuuliza.

Wanafunzi wengine huuliza: kama oksijeni imeinasa elektroni, nuru haiwezi kuing'oa tena? Inaweza. Oksijeni huishikilia elektroni hiyo ya ziada kwa elektronivolti 0.45 tu hivi, na fotoni yoyote ya nuru ya kuonekana ina zaidi ya mara tatu ya hiyo. Lakini usitarajie balbu ya kawaida ikwamue jani. Ayoni ni chache, uwezekano wa fotoni moja kufanikiwa ni mdogo sana, na kwenye hewa yenye unyevu molekuli za maji huizunguka ayoni na kufanya elektroni ishikiliwe kwa nguvu zaidi.

Bamba lisilo na chaji limemulikwa, jani halijapanda

Hapa hakuna kilichoharibika. Elektroni zinatoka na bamba linakuwa chanya, lakini kwa taa ya nanomita 254 kwenye zinki linafikia takriban volti 0.6 tu, tofauti ya 4.9 na 4.3. Elektroskopu ya jani huhitaji mamia ya volti kabla haijaonyesha chochote.

Kwa walio chuoni: mchoro wa ayoni karibu na ukuta haueleweki

Katika vyuo vya Mkwawa, MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) na kwingineko, anayechukua mradi wa ayoni hasi ya haidrojeni karibu na uso mgumu hutarajia kuona mawimbi: uwezekano wa fotoni kung'oa elektroni, unaoandikwa σ, hupanda na kushuka kadiri nishati inavyoongezwa. Sababu ni kwamba elektroni ikitoka kwenye ayoni hasi huacha nyuma atomu isiyo na chaji, kwa hiyo haina kinachoivuta irudi. Inakwenda ikiwa huru mpaka ukutani, inarudi, na wimbi lake linakutana na lile linalotoka. Mawimbi ya namna hiyo yalipimwa Los Alamos mwaka 1987 kwa kutumia uga wa umeme badala ya ukuta.

Kwa nuru iliyopolaraizwa (uga wake wa umeme unatetema upande mmoja tu) wima kwa ukuta mgumu ulio umbali d, uwiano wa σ na ule wa ayoni iliyo huru ni 1 + 3∫u²cos(2kdu)du, u kutoka 0 hadi 1, k ikiwa namba ya wimbi ya elektroni. Pima programu yako kwa ncha mbili: d ikiwa sifuri uwiano ni 2, d ikiwa kubwa mno ni 1. Ukikosa moja, usiendelee.

Mawimbi yamebanana kupita kiasi, karibu mara 5.2? Umeweka elektronivolti mahali pa hartree, kizio cha nishati cha hesabu za atomu. Gawanya nishati kwa 27.211 kabla ya kutafuta k. Nafasi kati ya mawimbi ni maradufu ya inavyotakiwa? Umetumia d, na elektroni husafiri 2d, kwenda na kurudi. Mchoro unaanza kwa ngazi badala ya kupanda kutoka sifuri? Umesahau kutoa 0.754, nishati inayoishikilia elektroni ya ayoni hii, au umekopa fomula ya atomu isiyo na chaji. Kwa ayoni ya haidrojeni iliyo huru, σ huanza sifuri na kupanda kwa nishati ya elektroni yenye kipeo cha 3/2, kama Eugene Wigner alivyoonyesha mwaka 1948.

Mawimbi hayaonekani kabisa? Kagua mwelekeo wa nuru. Ikipolaraizwa sambamba na ukuta, elektroni chache mno huelekea ukutani, na mawimbi hufifia kwa kadiri ya 1/d² badala ya 1/d. Kama mwelekeo ni sahihi, kagua umbali. Kwa fotoni ya elektronivolti 1, elektroni hubaki na 0.246, k ni 0.1345, na ukuta ulio rediasi 100 za Bohr, yaani nanomita 5.3, hutoa wimbi la asilimia 11 hivi. Ukiusogeza hadi rediasi 1,000, linabaki asilimia 1, na mstari wa mchoro unaweza kulifunika.

Na kama hesabu imetulia lakini unataka kuilinganisha na metali halisi, kumbuka kwamba metali huivuta elektroni kwa chaji taswira, yaani chaji ya kinyume ambayo elektroni yenyewe huizua kwenye metali. Kwa umbali huohuo wa rediasi 100, mvuto huo ni kama elektronivolti 0.07, zaidi ya robo ya nishati ya elektroni uliyoipigia hesabu. Ukuta mgumu hauna mvuto huo, kwa hiyo uongeze kwenye programu kabla ya kuanza kutafuta kosa kwingine.